Dada Alinipungia

Kihesa, Iringa
2 Juni 2024

Wifi yangu Yunisi,

Kamwene. Najua unashangaa kuletewa barua wakati wote tuna simu. Yangu nimeizima. Ikilia tu, kaka yako anaruka pale alipokaa, jasho linamtoka, halafu anakaa tena kama hakuna kitu. Basi nimeona tuandikiane kama zamani, wakati umeolewa huko Ubaruku na mtandao haujafika. Lusekelo, yule kondakta Mnyakyusa wa basi la Mbeya, amekubali kuibeba hadi Igawa. Kutoka hapo ataiweka kwenye bodaboda.

Rabson ametoka hospitali. Hakuvunjika popote. Shingo iliteguka kidogo, sasa inageuka. Daktari anasema ni mzima. Mimi nalala naye, wifi, nakwambia si mzima. Anakaa sebuleni anatazama kalenda ya kanisa, na mwezi wenyewe ni ule uliopita, hakuna aliyefunua. Ukimpa chai anakunywa. Usipompa hadai. Jana nilisahau sukari akanywa hivyo hivyo, yeye mwenye vijiko vinne.

Watu wanakuja kutupa pole na wanauliza ilikuwaje. Nawajibu nilivyoelewa mimi, kwamba ndege ilikataa miguu. Unamjua kaka yako, magurudumu hayaiti magurudumu, ni miguu. Ndege ile ya zahanati inaikunja tumboni ikishapaa, na ikitaka kutua, yeye rubani anaishusha. Siku ile haikushuka. Ikatua kwa tumbo, ikaserereka mpaka kwenye mfereji wa mpunga. Mashine ni mashine, nawaambia, na Mungu ametuachia mtu wetu.

Catherine, yule muuguzi aliyekuwa naye, bado yuko wodini. Ni mgongo. Muombee sana.

Usingizini Rabson anataja miguu. "Miguu," anasema, "miguu." Mchana hasemi, ila jambo moja amelirudia mara nyingi: "Dada alinipungia." Wifi, nimelia kwa jambo hilo. Miaka yote ndege ikija huko umesimama na kitenge chako chekundu unampungia, na yeye anakutikisia mabawa. Angalau kabla ya baya lile aliona uso wa nduguye unamkaribisha. Nakushukuru kutoka moyoni.

Msalimie shemeji Magesa na mwanenu Ngolo. Mwambie Magesa viazi vya Kilolo vipo, aache kutudharau.

Wifi yako,
Yusta


Ubaruku, Mbarali
9 Juni 2024

Wifi Yusta,

Bwana asifiwe. Barua imefika, imekunjwa mara nyingi na ina harufu ya samaki, lakini imefika. Nimeisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Magesa. Ile ya viazi alicheka kidogo. Anasema mtu anayekula viazi asubuhi na jioni hawezi kumfundisha Msukuma kitu.

Nashukuru kaka yangu anakula na anakunywa. Usimlazimishe kuongea. Tangu mtoto ndivyo alivyo. Baba alipofariki alikaa msimu mzima anachonga mipini ya majembe, hasemi, mpaka mipini ikazidi majembe ya kijiji kizima.

Kuhusu miguu yake, nakutumia chupa ya mafuta ya ng'ombe, niliyachemsha mwenyewe. Kila jioni mchue, anzia magotini ushuke hadi nyayoni. Usimuulize inauma wapi. Wewe mchue tu.

Kuhusu kupunga, ndiyo. Nilipunga.

Huku wanavuna. Ndege bado iko pale mferejini, wameizungushia kamba, watoto wamekatazwa kusogea. Wale ng'ombe waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa wa kwetu, sijui kama ulisikia. Ukame ukianza, majani mazuri yaliyobaki ni yale ya uwanja wa ndege, na ng'ombe hajui ratiba. Polisi walikuja kuuliza ni wa nani. Magesa hakungoja atajwe, akasema ni wake, akaenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe kuandikisha maelezo. Wamesema arudi tena kesho. Atarudi tu, usiwe na wasiwasi, na Rabson usimwambie.

Catherine tunamwombea kila ibada. Alimtibu Ngolo malaria ile mbaya.

Wako,
Yunisi


Kihesa, Iringa
17 Juni 2024

Wifi Yunisi,

Catherine hayupo. Aliondoka Jumanne asubuhi, tukamzika Ijumaa kwao Ilula.

Sijui niandike nini. Kwaya iliimba. Rabson alikuja, nilimfunga tai mimi. Alisimama wakati wa kusimama akakaa wakati wa kukaa. Pale kaburini mama yake Catherine, Benedicta, alimshika mikono miwili, mbele ya watu wote, akamwambia, "Mwanangu, na wewe uliumia. Mungu akutie nguvu." Akajibu, "Asante, mama." Basi. Njiani kurudi aliniuliza kama tumelipia maji ya mwezi huu.

Leo asubuhi wakaguzi wawili walikuja kutoka Dar, vijana wa adabu, walivua viatu mlangoni. Nikakaa naye. Walimuuliza ilikuwaje akasema, "Kulikuwa na ng'ombe uwanjani." Wakaandika. Wakamuuliza, "Na miguu, mzee?" Akasema, "Niliishusha." Wakatazamana. Mmoja akauliza tena, pole pole kama anaongea na mtoto, naye akajibu lile lile, "Niliishusha." Wakasema ripoti yao itachukua miezi mingi, wakanywa chai, wakaondoka.

Unaona, wifi. Yeye aliishusha, ndege ikakataa. Nilivyosikia kwa kinywa chake nimepumua kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na hofu moja ndani sikuwa nimemwambia mtu, na wewe sikuambii, maana sasa haina kazi.

Mafuta namchua kila jioni. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja, halafu mwingine, kama mtu anayepimwa viatu. Miguu yenyewe haina hata mchubuko. Nachua hivyo hivyo.

Shemeji amerudi kituoni? Rabson aliniuliza habari zake, nikamwambia Magesa anavuna mpunga, yuko salama.

Yusta


Uyole, Mbeya
26 Juni 2024

Wifi,

Utaona nimeandikia Uyole. Nimefikia kwa Lusia, yule tuliyeimba naye kwaya ya wanawake, anauza viazi hapa sokoni. Baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Usiku malori hayalali na mimi pia.

Magesa alikwenda kituoni, nyumbani hakurudi. Siku ile ile habari za Catherine zilipofika, maneno ya polisi yakabadilika. Sasa kuna mtu amekufa, wakasema, na kufa huko kumeletwa na ng'ombe waliochungwa pasiporuhusiwa. Wakamleta Mbeya mjini, mahabusu. Ng'ombe wote wamefungiwa kwenye zizi la kijiji. Ngolo anawapelekea maji kwa ndoo na majani ya kukata, lakini ng'ombe wa kundi zima hawashibi kwa panga. Yule wa pembe moja, aliyekuwa akiongoza, amekufa. Na wapo majirani wanaosema wafugaji wote tuondoke Usangu, tumezidi, sasa tunaangusha hata ndege. Wanasema hivyo dukani nikiwa nimesimama hapo hapo nanunua chumvi.

Jana waliniruhusu kumwona. Amekonda, ameazimwa sweta la mtu mfupi, mikono imeishia kwenye viwiko. Nikamwambia, "Baba Ngolo, waambie ulichokiona."

"Nimewaambia. Niliona ng'ombe zangu."

"Na kingine?"

"Kingine ni cha shemeji."

"Watakufunga."

"Mimi mchungaji. Nikifungwa, ng'ombe watachungwa na Ngolo. Yeye akifungwa, nani atarusha ndege?"

Halafu akauliza kama nimemletea tumbaku.

Wifi, sikuombi kitu kikubwa. Muulize kaka yangu swali moja tu. Alipokuja mara ya kwanza ng'ombe walikuwepo, ni kweli, akapanda juu tena akazunguka. Muulize, aliporudi mara ya pili, ng'ombe walikuwa wapi? Na umwambie Magesa yuko wapi. Nilikuambia usimwambie. Sasa mwambie.

Yunisi


Kihesa, Iringa
2 Julai 2024

Yunisi,

Nimesoma. Poleni sana kwa yaliyompata shemeji. Nimemweka kwenye maombi ya jumuiya.

Lakini swali lako sitaliuliza. Wewe uko mbali hujui ninavyoishi. Mtu wangu anaamka, ananawa, anakaa. Juzi nilimkuta ameshika mswaki hajui afanye nao nini. Mchungaji Samwel amesema aachwe apumzike, asibebeshwe mzigo mwingine. Na wewe unataka nimwambie mume wa dada yake yuko mahabusu? Atakufa huyu, wifi. Nitakuwa na makaburi mawili.

Halafu hilo swali lina kitu ndani yake. Mimi sikusoma sana lakini nasikia. Kama una neno, liseme. Rabson amewaambia wakaguzi mbele yangu kwamba aliishusha miguu. Kaka yako si mwongo. Ng'ombe walikuwa wa nani? Si wa kwenu? Nani aliwaachia waingie uwanjani siku ya ndege, siku inayojulikana na kijiji kizima?

Na wewe ulikuwepo. Ulisimama pale na kitenge chako, umefurahi, unapunga. Kama uliona jambo baya ungepunga?

Mafuta yameisha. Usitume mengine.

Yusta


Uyole, Mbeya
7 Julai 2024

Wifi yangu,

Sijakasirika. Ningekuwa wewe ningeandika makali zaidi.

Umeuliza kama ningeona baya ningepunga. Nakujibu, na ukishasoma uichome au uitunze, ni juu yako.

Mara ya kwanza alikuja na miguu imetoka. Tuliiona wote, mitatu. Ng'ombe wetu walikuwa katikati ya uwanja, hilo ni kosa letu na Magesa halikatai. Rabson akapita juu yao, akapanda, na alipopanda miguu ikaingia tumboni, kama inavyotakiwa. Magesa na Ngolo wakakimbia na fimbo. Alipokuwa bado anazunguka kule upande wa mto, uwanja ulikuwa mweupe. Hata ndama hakuwepo.

Akarudi. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu, pale pangu pa siku zote. Nikaona tumbo. Tumbo tupu, limelainika kama la bata anayetaka kutua majini. Nilitazama nikingoja miguu itoke, maana najua inachelewa wakati mwingine. Haikutoka. Ndipo nikavua kitenge kiunoni nikakipunga juu ya kichwa, huku na huku, kwa nguvu zangu zote, nikapiga kelele mpaka koo likapasuka. Wanawake wa pale nao wakaelewa, wakapunga. Magesa alivua shati akawa analipunga anakimbia kuelekea kwenye ndege.

Na yeye akatutikisia mabawa. Kulia, kushoto. Kama siku zote. Catherine alikuwa dirishani, akatupungia. Niliona kiganja chake.

Yusta, nimempungia kaka yangu tangu aanze kuja na ndege. Nimempungia kwa furaha tu. Sikuwahi kufikiri nitahitaji namna nyingine ya kupunga. Ningekaa chini, labda angeshangaa. Ningelala uwanjani. Ningesimama tu nimenyamaza, labda angejiuliza dada ana nini leo. Lakini nilipunga, na kwetu mimi na yeye kupunga ni neno moja tu, karibu.

Kwa hiyo usinishukuru tena kwa lile. Uliponishukuru kwenye barua ya kwanza nilikaa nayo kutwa nzima, nikashindwa kukujibu zaidi ya neno "nilipunga".

Na yale mafuta. Niliposoma kwamba anataja miguu usingizini, nilijua ni miguu gani. Nilituma ili nisije nikalazimika kukueleza, na ili mikono yako iwe na kazi. Nisamehe kwa hilo kama ni udanganyifu.

Kaka yangu si mwongo. Aliishusha, ile mara ya kwanza. Nafikiri anaamini hivyo.

Magesa ana kikohozi sasa. Ndama wawili tena wamekufa. Sina la kuongeza.

Yunisi


Kihesa, Iringa
15 Julai 2024

Wifi yangu Yunisi,

Barua hii hajaileta Lusekelo. Umeipokea kwa mkono wa aliyekuletea, basi umeshaelewa nusu yake. Mpe chai, sukari vijiko vinne, ameanza kudai.

Barua yako niliisoma jikoni nikaisukuma nyuma ya debe la unga. Nikapika, nikaenda ibadani, nikarudi. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi, unajua ni wako lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Ile hofu niliyosema haina kazi, ilikuwa hiyo hiyo. Tangu hospitali niliijua. Nilikuwa nasema "ndege ilikataa" kwa sauti kubwa ili niisikie mwenyewe.

Mafuta yalikuwa yameisha, nikawa natumia ya kupikia. Jana jioni nimepiga magoti namchua, akasema, "Yusta, miguu hainiumi."

Nikasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu barua ya dada yako."

Akanyoosha mkono. Nikaenda nyuma ya debe nikampa. Aliisoma amekunja suruali magotini hivyo hivyo, mafuta yanang'aa. Pale pa kupunga alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Nilimwona anatikisa kichwa kidogo, kulia, kushoto. Nikajua anafanya nini, nikatazama pembeni.

Halafu akaongea, wifi. Sauti yake haikupanda wala kushuka, kama anayesoma matangazo ya kanisani. Anasema ndani ya ndege kuna honi, inalia ukikaribia kutua bila kushusha miguu. "Ililia," akasema. "Niliisikia. Niliisikia kama unavyosikia jogoo wa jirani. Kuna sauti unaisikia na haikuhusu. Nilikuwa namtazama dada."

Kumbe ndiyo maana simu ikilia anaruka. Sasa ndiyo inamhusu.

Nikamuuliza mbona uliwaambia wakaguzi uliishusha. Akasema, "Niliishusha. Nakumbuka mkono wangu kwenye kishikio. Ilikuwa mara ya kwanza, lakini mkono hauhesabu mara. Mkono ulikumbuka kwamba kazi imefanyika, ukakataa kurudi."

Nikadhani amemaliza. Akauliza, "Magesa anavuna mpunga?"

Nilikuwa na nafasi ya kudanganya mara nyingine, na Mungu ananijua, niliitazama nafasi hiyo. Nikamwambia yuko mahabusu. Nikamwambia tangu lini, na wale ng'ombe, na kikohozi. Nikamwambia alichosema, kwamba kingine ni cha shemeji.

Alishusha suruali, mguu mmoja, halafu mwingine. Akaniomba shati jeupe la ibada. Nikamwambia ni usiku, hakuna basi. Akasema, "Lipige pasi tu."

Nilimwambia kwamba wanaweza kumweka yeye mahali pa Magesa. Akasema anajua. Nikamwambia leseni itaondoka na nyumba hii ni ya kazi. Akasema anajua. Nikamwambia nami nakuja. Akasema, "Baki, mtu awepo ripoti ikija." Hiyo ndiyo mara pekee alinitazama usoni.

Nimemfungia viazi. Ni vya Kilolo. Vya Magesa.

Nisamehe kwa barua ile nyingine.

Yusta


Uyole, Mbeya
20 Julai 2024

Mke wangu Yusta,

Nimefika salama. Dada ni mzima.

Nimesema. Polisi kwanza, kisha nimewapigia wale wakaguzi kwa simu ya Lusia. Nimewaeleza kwamba uwanja ulikuwa wazi na kwamba miguu niliisahau mimi. Askari aliyeandika aliniuliza mara tatu kama nimelazimishwa. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sijui, ila niliyosema ni kweli. Akaandika yote.

Niko nje. Wamesema nisitoke nchini. Nimewaambia nilikuwa nafikiria kwenda Ilula tu.

Magesa sijaonana naye bado. Nilimpelekea viazi, akarudisha salamu kwamba havijaiva.

Nikirudi nitapitiliza hadi Ilula kwa mama Benedicta kabla sijafika nyumbani. Alinishika mikono siku ile. Usinisindikize.

Washa simu. Niache niizoee.

Rabson


Ubaruku, Mbarali
22 Septemba 2024

Wifi yangu Yusta,

Simu tunazo, na Jumapili iliyopita tuliongea, lakini haya nimeona niyaandike. Yana sehemu ambazo kwenye simu ningeruka.

Kwanza Magesa. Tangu atoke mahabusu hajasema neno baya. Kikohozi kimepungua. Kesi yake imefutwa, imebaki faini ya ng'ombe kuingia uwanjani, na hiyo ni halali yake. Zizi la kijiji lilipofunguliwa waliotoka walikuwa wachache, mbavu nje, hawajui hata waelekee wapi. Magesa aliwapitia mmoja mmoja, anawaita kwa majina. Palipokuwa na jina bila ng'ombe, alilitaja hivyo hivyo akaendelea.

Kaka yangu ametimiza wiki ya pili hapa. Anachunga na shemeji yake. Hajui kuchunga. Magesa anamwambia mbele ya watu, "Shemeji, ng'ombe wako chini, wewe unatazama juu." Watu wanacheka, na yeye anatabasamu kidogo upande mmoja. Usiku wanakaa nje wawili. Sijawahi kuwasikia wakizungumzia jambo lile. Magesa alisema mara moja tu, wakati anamkaribisha siku ya kwanza: "Ulichelewa." Rabson akasema, "Nilichelewa." Wakaingia ndani kula.

Kuhusu Ilula aliniambia yale yale uliyoniambia kwenye simu. Kwamba mama Benedicta alimsikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Kwamba alipomaliza, yule mama alibeba ungo wake akaingia ndani na hakutoka. Rabson alikaa pale mlangoni mpaka jua likazama, kisha akaondoka. Anasema atakwenda tena. Nikamuuliza kama hatafukuzwa. Akasema kufukuzwa ni sawa, kwenda ndiyo kazi yake. Na ripoti ikitoka na kesi yake ikianza, anasema atakuwa amevaa lile shati jeupe.

Sasa nililotaka kukuandikia. Alhamisi ndege ya zahanati imekuja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ni nyingine, na rubani ni mwingine, kijana wa Arusha. Kijiji kizima tulitoka. Ng'ombe tuliwafunga tangu asubuhi. Mimi nikapanda kichuguu changu, sikujua kwa nini, miguu ilinipeleka. Kitenge nilikivaa kile chekundu. Rabson na Magesa walisimama chini yangu.

Ikatokea upande wa mto. Nikatazama tumbo. Miguu ilikuwa imetoka, mitatu, nikaihesabu mara ya pili kwa sauti. Kila mtu pale akanigeukia, wanawake wote, wananingoja mimi nianze. Nikashika kitenge. Mkono haukwenda, wifi. Haukuuma, wala sikulia. Ulikaa tu kama si wangu.

Akapunga Rabson. Alinyoosha mkono mmoja juu, bila kitambaa, bila kelele, akaupeleka huku na huku.

Ndege ilipita mbele yetu, karibu kabisa, tukamwona yule kijana na miwani yake. Hakutugeukia. Mabawa yalikaa sawa kama meza. Akatua.

Nilijisikia vibaya kwa ajili ya kaka yangu, kwamba amepunga na hakujibiwa mbele ya watu. Nikamwambia, "Msamehe, yeye hatujui sisi."

Rabson alikuwa bado ameinua mkono. Akaushusha, akasema, "Ni vizuri, dada. Huyo anaangalia kazi yake."

Wifi yako,
Yunisi